Kampene Ndani ya Kiberiti

Mwezi uliopita wanawake walikuja na kile kitambaa cheupe, wakanikalisha juu ya mkeka na kuanza kunieleza habari za eda kana kwamba mimi ni msichana wa jana. Usitoke. Usijipake mafuta. Usivae rangi. Usipige soga na wanaume. Niliwaacha waseme mpaka wakachoka, halafu nikawaambia: haya yote nayajua, huyu mume nilikwisha kumkalia eda zamani, kabla nyinyi hamjazaliwa, labda hii ya sasa mngenihesabia nusu. Wakatazamana. Mmoja akanigusa paji la uso, alifikiri msiba na uzee vimenichanganya. Lakini akili yangu iko sawa, mkono wangu hautetemeki, na uzi naingiza mwenyewe kwenye sindano bila miwani. Wajukuu wangu, wanaoniita Koko, ni mashahidi. Ramazani alikufa mara mbili. Mara ya pili njo hii, ndiyo hii ya juzi, kitandani mwake, hapa Kindu, mtaa wa Kasuku, mimi nikimshika mguu. Mara ya kwanza alikufa Kampene, na hiyo nataka kuieleza mwenyewe, maana waliokuwepo wamebaki wachache na kila anayeisimulia anaifanya kichekesho. Haikuwa kichekesho. Sijui hata kama ilikuwa huzuni. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: unauona, ni wako, unaufinya na hausikii.

Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani, nayaacha. Naanza na chumba. Kilikuwa kimoja tu, nyuma ya reli, cha matofali mabichi, na bati limetoboka kwenye pembe. Ukiingia, kitanda cha miti kiko kulia. Sanduku la nguo chini ya dirisha. Taa ya petroli kwenye msumari juu ya kitanda, na karibu na mlango kioo kilichopasuka, ukijitazama unajiona na midomo miwili. Huko njo tuliishi na Ramazani baada ya arusi. Ilikuwa Zaire wakati ule, chama ni kimoja, wanaume wamefunga abakosti, koti lile la chama, mpaka shingoni katika joto la Kindu, na kazi ilikuwa ya wenye ndugu ofisini. Ramazani hakuwa na ndugu ofisini. Akaniambia anakwenda Kampene kuchimba kasiteriti, lile jiwe jeusi, zito kuliko sura yake. "Nitarudi na bati mpya, Mwavita. Mvua haitakulowesha tena." Nikamfungia wali na samaki ndani ya majani. Akapanda kamio, lori la mizigo, akakaa juu ya magunia, na hakunipungia mkono kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kamba. Hicho njo nilichobaki nacho: mtu ameshika kamba.

Mvua zikaja, zikaenda, mpunga ukavunwa, hakuna habari. Ijumaa moja nilikuwa kwa mama mkwe. Watu wote walimwita Mama Sefu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, wa sauti, anakaanga mikate kila asubuhi mbele ya nyumba na kuwatukana wateja, na wateja walikuja kwa ajili ya matusi kama vile kwa ajili ya mikate. Ile siku alipika wali, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakalainika, mawese juu yake, na samaki mkavu wa Lokandu. Tulikuwa tunanawa mikono, akaingia Lukali, shofa wa kamio la njia ya Kampene.

"Lukali, kamio yako inasikia harufu ya sombe toka wapi?"

"Toka Kalima, Mama Sefu. Inakuja yenyewe, miye nashika usukani tu."

"Kaa, ule. Na mutoto wangu? Hata salamu hakukupa?"

Lukali akatazama maji ndani ya bakuli. Alikuwa na aibu ya mtu anayeleta habari mbaya mbele ya chakula.

"Ramazani? Nilimuuliza kule kambini. Walisema haiko tena."

Mama Sefu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, nilisikia mara moja kwa ng'ombe. Bakuli likapinduka, maji yakaingia kwenye wali. Majirani wakaja mbio, mmoja na mwiko mkononi. Lukali alibaki mdomo wazi, akatutazama mmoja mmoja, halafu akajishika kichwa akaanza kulia yeye pia, na alilia kuliko wote, alipiga ukuta kwa ngumi. Mimi nilikuwa natazama wali. Nilifikiri: huo sasa ni wa kuku.

Jua halijazama, tayari watu walijua shimo lilimwangukia. Kesho yake walijua ni shimo la upande wa mto, na kwamba alikuwa anaita jina la mama yake. Kesho kutwa walijua nani alimwosha na sanda ilitoka wapi. Nani alileta hayo yote, sijui. Lukali alikuwa amekwisha kuondoka na kamio lake. Walimsalia msikitini maiti asiyekuwepo, wakapika matanga, wakala, na wanawake wakakaa wakinitazama jicho. Mimi sikulia. Nilijaribu, nilijifinya ndani ya paja mpaka ngozi ikabadilika rangi. Nikawasikia nyuma ya kizuizi cha mkeka.

"Huyu alimpenda kweli?"

"Iko na moyo ya jiwe. Tazama, amemaliza sahani."

"Mwache ale. Labda iko na mimba."

"Mimba gani, na tumbo kama ubao?"

Ni kweli nilimaliza sahani. Njaa ilikuwapo, chakula kilikuwapo. Wale wote waliosema wamekufa sasa, na mimi bado namaliza sahani.

Mama Sefu akanihamishia kwake kukaa eda, chumba cha nyuma, mkeka, kitambaa cheupe, dirisha dogo linaloangalia jiko. Kile chumba chetu cha nyuma ya reli kikapewa watu wengine. Sanduku na taa vilikuja kwa mkokoteni. Kioo kilimaliziwa kuvunjika njiani. Na wanawake waliokuja kuniamkia walisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kesho ni Jumamosi, kwamba eda ikiisha nitarithiwa na Sefu. Sefu alikuwa na mke tayari, na alikuwa mkubwa wa selile, yaani ule mtaa wetu wa chama. Yeye njo alitupigia filimbi siku za salongo, ile kazi ya lazima, tukafyeke barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alinukia zile dawa nyeupe za mende ambazo mkewe alitia kwenye abakosti. Walipanga kunihamisha kwake kama unavyosogeza kiti kupisha ufagio, na mimi, nikijiuliza ndani, sikusikia kitu. Nilihesabu mabati ya juu. Nikimaliza, naanza upande mwingine.

Kiberiti kilikuja hivi. Mvua iliingia jikoni ikalowesha kiberiti cha Mama Sefu, akakitupa kwa dirisha langu akisema, "Hata wewe umekufa!" Kilianguka juu ya mkeka. Nikakisukuma kwa kidole, kile kisanduku cha ndani kikatoka nusu, na nikaona chumba. Sakafu, kuta, bila paa. Nilikaa nakisukuma na kukirudisha. Kinafungwa, hakuna kitu, kinafunguliwa, chumba. Nikakianika, nikamwomba Mama Sefu wembe uliochakaa, sababu sikumwambia. Sabuni yake ilikuja katika karatasi ya kijani, sukari katika karatasi ya buluu, na ndani ya pakiti za sigara za Sefu mlikuwa na ile karatasi ya fedha. Uji wa muhogo uliobaki chini ya sufuria unashika kuliko gundi ya duka. Nikakata, nikakunja kwa ukucha, nikabandika kwa ncha ya mwiba wa samaki. Kitanda kulia. Miguu ya kitanda ni njiti zilizoungua, na ule weusi unafaa, unafanana na mti wa zamani. Sanduku chini ya dirisha. Dirishani niliweka ganda la kitunguu, ukikiinua kiberiti kwenye jua mwanga unaingia wa manjano. Taa kwenye msumari. Kioo cha fedha karibu na mlango, nikakipasua kwa makusudi. Ilinichukua siku nyingi, na zile siku sikuhesabu mabati.

Watu wakiona kazi ndogo hufikiri inataka macho. Inataka pumzi. Ukipumua vibaya, shuka la kitanda linaruka linaingia mkekani, na utalitafuta mpaka adhuhuri. Nilijifunza kupumua kwa pua, polepole, kichwa kimegeuka pembeni. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza juzi kama nilikuwa naomba dua. Nikamwambia hapana, nilikuwa nachunga shuka.

Nikataka kiberiti kingine. Vilikuwa adimu wakati ule. Nikavizia kile kipya, nikamwaga njiti ndani ya kopo la maziwa, nikachukua sanduku. Asubuhi Mama Sefu akaingia kwangu, njiti mkononi, uso umevimba.

"Mwavita! Njo nini hii? Njiti ziko, pa kupiga hapana! Nipige wapi? Kwa paji la uso yako?"

Akaona viberiti juu ya mkeka. Akakifungua kimoja, akakileta karibu na jicho, akakaa chini na ule unene wake wote, na mafuta ya mikate yakaungua kule nje, wateja wakaita, hakusikia.

"Hii ni nyumba yenu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Shuka hii nilikupa miye."

"Ndiyo, Mama."

Akatazama sana. Halafu sauti ikarudi. "Usitie muntu ndani. Unasikia? Siku ya kiama utaambiwa: huyu uliyemfanya, mupe roho. Utatoa wapi roho, wewe, hata yako siioni?" Na kuanzia siku hiyo kila nilipochukua sanduku nilichana kwanza ule ukanda wa kupigia, nikaubandika kwenye kopo la njiti. Mikate haikuchelewa tena.

Sikutia mtu, basi, wala siku ile wala baadaye. Vyumba vyangu vyote viko hivyo: sahani imewekwa, viatu viko mlangoni, mwenyewe hayupo. Mama Sefu akaanza kuagiza. Akataka jiko la mama yake, kule Kabambare, ambalo liliungua yeye akiwa mtoto. Alikuja na mchele wa kuchambua, akakaa, akawa anaamrisha: kinu hakikuwa pale, mvivu wee, kinu kilikuwa nyuma ya mlango, mafiga yalikuwa makubwa, hapana, paka hapana, paka ana roho, weka maziwa yake tu. Nilipomaliza akakifunga, akakitia kifuani ndani ya nguo, akaenda nacho kukaanga mikate. Sikuwahi kuzungumza na mtu namna ile, na yeye nadhani pia. Hatukusema juu ya Ramazani. Tulisema juu ya vinu.

Sefu naye aliingia siku moja, kumwamkia mama yake, akaviona. Akainama na abakosti yake imemkaba.

"Nyumba nzuri. Lakini picha ya Raisi iko wapi? Kila nyumba inapashwa kuwa na picha."

"Sura hapana!" Mama Sefu akapiga kelele kutoka jikoni. "Katika nyumba yangu sura hapana!"

Sefu akanitazama, mimi nikatazama mkeka. Alipotoka nilikata karatasi ya manjano, nikaitia madoa ya masizi, nikakunja kofia ndogo ya chui kama ile ya Raisi, nikaitungika ukutani juu ya kitanda, ndani ya fremu yake. Kofia bila mtu. Sefu aliporudi aliishika muda mrefu. Nilimwona anatafuta kama ni heshima au ni tusi, na hakupata. Akakifunga taratibu. "Ni sawa," akasema. "Lakini usimwonyeshe mtu."

Halafu Mama Sefu akaniomba kaburi. Ilikuwa karibu na mwisho wa eda. Wanawake walikwisha kuanza kuzungumza juu ya nguo nitakayovaa siku ya kutoka, na mke wa Sefu aliacha kuniletea maji. Mama alikuja mchana, bila mchele, bila kazi mkononi, nikaogopa. Akasema Sefu hataki kumpeleka Kampene, barabara mbaya, daraja limebebwa na maji. Basi nimtengenezee. "Chumba yake ya mwisho. Nataka kujua namna gani amelala."

Nikachukua kiberiti kitupu. Karatasi nyekundu nilikuwa nayo kwa udongo. Nikakata, na mkono ukasimama. Sikujua pa kuanzia. Kampene sikuwahi kufika. Chumba chetu nilikijua; jiko la Kabambare nililijua kwa mdomo wa Mama; kaburi hili nani analijua? Kichwa upande gani? Kuna mti? Ni kilimani au bondeni? Kazi hii haikubali uongo. Ukidanganya kitanda, mlango hautafunguka. Nikabandika udongo, nikatoboa shimo katikati ya sakafu, mpaka nje upande wa pili, na nikaliacha hivyo, kwa sababu hilo tu njo nililolijua, kwamba kule kuna mashimo. Mama Sefu akakitazama, akapitisha kidole chini, ncha ya kidole ikatokea juu ya udongo. "Halijaisha," akasema. "Tumuulize Lukali."

Lukali alikuwa ameikwepa ile nyumba tangu siku ya wali. Mama Sefu alituma watu wakamshike kwenye maegesho ya makamio, wakamleta kama mwizi wa kuku. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kwa sababu ya eda, kiberiti mkononi. Mama akaniambia niulize mwenyewe, yeye hajui maneno ya kazi yangu.

"Lukali, shikamoo. Nataka kujua kaburi ya bwana yangu. Kichwa iko upande gani?"

"Kaburi?"

"Kaburi ya Ramazani. Iko karibu na mti? Udongo yake ni ya rangi gani?"

"Dada yangu, miye sikuona kaburi."

"Nani alikuonyesha pa kuzikwa?"

"Hakuna muntu alinionyesha."

"Sasa nani alikuambia amekufa?"

"Nyinyi," akasema Lukali. "Nyinyi njo mulilia."

Lukali akaendelea, maneno yanakimbizana: alisimama kambini kule, mashini inawaka, akamuuliza mtu mmoja, Ramazani wa Kindu iko wapi, yule mtu akajibu haiko tena, na yeye akapanda kamio, basi. Alipofika hapa akasema alivyoambiwa. Mama alipopiga ile kelele, alifikiri wenyewe wamesikia zaidi kwa njia nyingine, na kwamba yeye kwa ujinga wake hakuelewa. Ndiyo maana alilia. Alimlilia rafiki yake kweli.

Haiko tena. Ni neno la kila siku kwetu. Petroli dukani: haiko tena. Jirani aliyehamia Alunguli ng'ambo ya mto: haiko tena. Na mtu akifa tunasema hilo hilo, kwa sababu hakuna anayetaka kumtaja marehemu kwa neno kali mbele ya mama yake. Hapo katikati, kati ya jirani aliyehama na maiti, mimi nilikuwa nimekaa nimevaa nyeupe, miezi mizima, na nilikuwa karibu kuvuliwa hiyo nyeupe na kupewa Sefu.

Sefu alikuja jioni ile ile, alisimama mlangoni, hakukaa.

"Mama, usitafute maneno. Watu walimsalia. Walikula matanga. Tutawaambia nini?"

"Tutawaambia watapike."

"Na kama kweli amekufa?"

"Basi Lukali aende aniletee kichwa iko upande gani. Akileta, nitalia tena, nguvu ninayo. Weye, Sefu, unaogopa ndugu yako kufa, au unaogopa ndugu yako kuwa muzima?"

Sefu alifungua kifungo cha shingoni, mara ya kwanza namwona akifanya hivyo. Lukali akatumwa kwenda kumtafuta. Na eda ikaisha, na siku ya kutoka ikafika, na Mama Sefu akawazuia wanawake mlangoni na mwiko wa mikate: huyu hatoki, hajaingia. Nilibaki katikati ya mkeka. Mjane hapana, mke hapana. Kama kuna neno la mtu wa namna hiyo, mimi sijalisikia. Mnataka kujua kama nilikuwa na tumaini. Sikuwa nalo. Nilikuwa na karatasi nyekundu, nikaendelea kuzungusha lile shimo kwa wembe, likawa duara nzuri.

Alikuja mchana, jua kichwani. Nilikuwa napepeta mchele na Mama uani, kitambaa cheupe bado mwilini kwa sababu hakuna aliyeniambia nikivue. Lango la miti likasukumwa. Mtu mwembamba, ndevu, shati la mtu mwingine, bati moja tu limekunjwa begani. Aliacha Kampene kitambo, mawe yalimkataa. Akafika mpaka Obokote, akapasua mbao msituni, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Lukali alimkuta njiani. Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule alisimama, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, kile cheupe, akaliweka bati chini polepole.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Weye," nikamwambia.

Mama Sefu alivua sapato mguuni, akamkimbilia, akampiga nayo kichwani, mgongoni, miguuni, akilia na kumtukana matusi yote ya wateja na mengine mapya, na Ramazani alisimama tu akipokea, na mama alipochoka kumpiga alimshika, wakaanguka wote wawili juu ya mchele. Majirani wakapiga vigelegele. Sefu alikuja, akamkumbatia ndugu yake, akaondoka haraka, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina, aliniita "shemeji" kwa sauti kubwa, watu wote wasikie. Mwalimu wa msikiti akasema eda ya mume aliye hai si eda, ni mapumziko tu. Watu wakacheka sana. Na mimi nilikuwa nakusanya mchele, punje kwa punje, na nilikuwa nangoja, nikifikiri sasa itakuja, sasa nitasikia, kama mguu unavyoanza kuchoma ukiamka. Haikuja. Nilimpikia, akala. Alilala upande wa ukuta, kama zamani.

Baada ya siku chache alivikuta viberiti. Alifungua kile cha chumba chetu, akacheka.

"Taa ilikuwa upande wa mlango."

"Ilikuwa juu ya kitanda."

"Mwavita, miye njo nilipiga ule msumari."

"Ulipiga, ukaondoka. Miye nilibaki nautazama. Ilikuwa juu ya kitanda."

Akafungua cha Kampene, ule udongo na lile shimo, akatia kidole chini kama mama yake, na akakirudisha bila kuuliza ni nini. Tuliishi pamoja tangu hapo, tukazaa, tukajenga nyumba ya bati jipya, tukamzika Mama Sefu na kile kiberiti cha jiko la Kabambare hakikuonekana tena, na ninajua kiko wapi, mimi njo nilimwosha. Ramazani hakuwahi kwenda mahali tena bila kusema kwa maneno yaliyo wazi: "Nakwenda sokoni, niko muzima, nitarudi." Watoto walidhani ni mzaha wa baba yao. Nilimtunza vizuri, muulize yeyote Kasuku. Lakini mlango ule wa moyoni uliofungwa mwaka ule sikuona ukifunguka, na nilizoea, kama mtu anavyozoea sikio moja.

Sasa wamenikalisha tena. Alipofariki, wanaume walimbeba, sisi wanawake tukabaki nyumbani kama ilivyo desturi, na mimi nikamaliza sahani yangu. Jana nilimwita Amisi, mtoto wangu wa kwanza, mwenye mvi tayari, nikamwambia aniletee kiberiti. Alizunguka maduka, siku hizi ni vile vya plastiki tu, lakini alipata. Nikamwaga njiti ndani ya kopo, nikachana ukanda wa kupigia nikamrudishia, halafu nikakunjua karatasi nyekundu.

"Amisi, kaburi ya baba yako uliliona?"

"Nililiona, Mama. Nilishuka ndani mwenyewe."

"Kichwa iko upande gani?"

"Upande wa barabara. Miguu upande wa mto, uso kwenye kibla."

"Udongo?"

"Nyekundu juu. Chini nyeusi, ina maji kidogo."

"Iko mti?"

"Iko muchikichi mmoja, wamekata makuti yake."

"Mbao za juu yake, nani alipanga?"

"Miye, Mama. Kwa mikono yangu."

Kila nilichouliza, jibu lilikuwapo. Lukali hakuwa na hata moja.

"Basi haiko tena," nikasema.

"Haiko tena, Mama," akasema Amisi.

Nikashika wembe, nikageuza kichwa pembeni ili nisipumulie karatasi. Nilipoitazama ilikuwa imelowa, na uji nilikuwa bado sijapaka.